UZI: Kutenga seli shina za damu kwa ajili ya mtoto, kinachoendelea maabara kabla mfuko haujafika wodini

FundiMifuko (mwanzisha uzi)

Wakuu salama? Wiki iliyopita kuna mtu aliuliza mtoto akipandikizwa uloto (ile nyama laini ndani ya mfupa inayotengeneza damu) ile "operesheni" inachukua masaa mangapi, watu wakamjibu sita, wengine nane, mmoja akasema kabisa wanapasua mfupa wa paja. Nikacheka halafu nikasikitika. Hakuna operesheni. Mtoto anatundikiwa mfuko unaofanana na wa damu, unaingia kwa mpira uliopo kwenye mshipa mkubwa, na mara nyingi unaisha mtoto akiwa anaangalia katuni. Kazi ngumu ilishafanyika kabla, kwa mtu aliyetoa na kwetu maabara, na hiyo ndo naitaka leo maana huwa haiongelewi kabisa.

Mimi kazi yangu ni kupokea mfuko wa mchangiaji na kuutengeneza uwe kitu anachoweza kupewa mtoto bila kumdhuru. Mle ndani tiba na sumu vimekaa pamoja na vinafanana sura. Ukiweka chini ya darubini huwezi kunyoosha kidole useme seli shina, ile inayozaa chembe zote za damu, ndo hii, ni kiduara kidogo tu kama limfosaiti (aina ya chembe nyeupe) yoyote. Na ni chache balaa, kwenye uloto zenye alama tunayoitafuta ni kama 1 mpaka 3 katika kila seli 100, kwenye damu inayozunguka ya mtu ambaye hajachomwa dawa ya kuzitoa kwenye uloto hazifiki hata 1 katika kila chembe nyeupe 1,000.

Nashusha vipande vipande, niko zamu, mnivumilie.

Mzee_wa_Hoja

Tiririka mkuu, nimeshakaa siti ya mbele.

dogo_baiolojia

Shikamoo kaka Fundi. Hiyo alama ndo CD34 eeh? Tulifundishwa juu juu tu mwalimu akapita

FundiMifuko

Marahaba dogo. Ndo yenyewe. Ilianzia 1984, Curt Civin, daktari wa saratani za watoto pale Johns Hopkins Marekani, yeye na wenzake walipata antibodi inayong'ang'ania seli changa za uloto na kuziacha zilizokomaa. Protini inayoshikwa na hiyo antibodi ndo baadaye ikapewa jina CD34. Halafu 1988 watu wa Seattle wakachukua nyani, wakawapiga mionzi mpaka uloto ukafa, wakawarudishia seli zao wenyewe zenye CD34 tu basi, na uloto ukaota upya. Hapo ndo ikajulikana ukizikamata hizi umekamata kitu cha maana.

Ila usikariri kwamba CD34 maana yake ni seli shina, hapo wanafunzi wengi wanapigwa chenga. CD34 ni kama sare ya shule, ukiiona unajua huyu ni mwanafunzi lakini hujui kama ndo yule uliyetumwa kumleta. Nyingi zinazovaa hiyo sare ni watoto na wajukuu wa seli shina, zimeshachagua njia yake, hii inaenda kuwa chembe nyekundu, ile nyutrofili (chembe nyeupe za kupiga bakteria). Zile za kweli zinazoweza kukaa na mtu miaka 70 zikitengeneza damu kila siku ni kidogo sana ndani ya kundi hilo, unazitafuta kwa alama nyingine juu yake, ziwe na CD90, zisiwe na CD38 na kadhalika. Tena panya wa maabara aliyekomaa ndo kituko, seli shina zake nyingi hazina CD34 kabisa, Wajapani walilionyesha hilo 1996 na watu wakagombana kweli.

Sasa utauliza kwa nini tusichuje mpaka zibaki zile za kweli tu. Kwanza zitakuwa chache mno, pili wale watoto na wajukuu wana kazi yao, ndo wanaoharakisha nyutrofili za mwanzo wakati za kweli bado zinatafuta pa kukaa. Ukimpa mtoto mababu peke yao atakaa bila kinga muda mrefu zaidi. Shikeni hili neno, kwenye kazi hii kuchuja sana siyo lazima kuwe ndo kuchuja vizuri, nitalirudia.

MamaWatatu

Kaka Fundi samahani naingilia. Binti yangu wa kwanza ana selimundu, miaka 11, kilo 30. Wamepima ndugu zake, wa mwisho ndo amelingana naye, ana miaka 3 na kilo 13 tu. Na yeye anabeba kile kinasaba kimoja ila haumwi. Sasa mtoto wa kilo 13 wanamtoa wapi hizo seli jamani na yeye atabaki salama? Halafu nasoma hapa tiba na sumu nazidi kuogopa.

FundiMifuko

Mama usiombe samahani, wewe ndo mwenye uzi kuliko mimi. Nakujibu ninavyojua, uamuzi ni wa timu yenu.

Kwanza kubeba kinasaba kimoja hakumzuii mdogo wake kutoa, ndugu wenye hali hiyo wanatoa na dada zao wanapona. Na kulingana, yaani alama za tishu ziitwazo HLA na siyo kundi la damu, ni bahati, kila mtoto wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 katika 4 tu ya kulingana kamili na ndugu yake.

Njia ziko mbili. Moja ni uloto wenyewe, anapigwa nusu kaputi, analala kifudifudi, sindano inaingia kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma juu ya makalio, wananyonya kidogo kidogo, mililita chache kila mvuto, maana ukivuta nyingi kwa mpigo unaleta damu tu siyo uloto. Mfupa haukatwi, hakuna kipande kinachotolewa. Mpaka wake ni kama mililita 20 kwa kila kilo ya mchangiaji, kwa hiyo wa kwako ni 260 hivi. Usione ndogo, mtoto wa kilo 13 damu yake yote haizidi lita 1 kwa makadirio, hiyo ni robo. Ndo maana anapangiwa vidonge vya madini chuma na anafuatiliwa, ila mwili unarudisha.

Njia ya pili ni mashine ya aferesisi, inayotoa seli kwenye damu inayozunguka, na kwa mtoto mdogo ina mtego. Mashine inahitaji kama mililita 200 za damu ziwe nje ya mwili zikizunguka kwenye mipira wakati wote. Mtu mzima hilo hata halisikii. Mtoto wa kilo 13 hiyo ni moja ya tano ya damu yake, presha inashuka, kwa hiyo inabidi mipira ijazwe kwanza damu ya mtu mwingine, halafu mishipa ya mkono ni midogo mnamwekea katheta ya shingoni au ya kwenye paja. Yaani mtoto mzima asiyeumwa unampa damu ya mgeni na mpira wa shingoni ili amsaidie dadake. Wengi hawapendi, ndo maana kwa wachangiaji wadogo uloto wa nyonga unabaki juu, na pia kwenye magonjwa yasiyo saratani uloto unaleta shida chache za muda mrefu kuliko seli za kwenye damu.

Kuhusu usalama wake na nani anamsemea, madaktari wa watoto Marekani walitoa msimamo 2010 kuhusu mtoto kumchangia mtoto mwenzake, na mimi naona ni wa busara: pasiwepo mtu mzima anayelingana vilevile anayeweza kutoa, wawili hao wawe na uhusiano wa karibu kweli, faida iwepo, hatari kwake iwe ndogo, na ridhaa ipatikane. Wanashauri hata pawe na mtu wa kumtetea yeye peke yake asiyefungamana na mgonjwa. Ulizia hilo.

Kitu kimoja zaidi nakuambia kama mtu wa hesabu. Uloto wa mtoto mdogo una seli nyingi kwa kila mililita kuliko wa mtu mzima, hilo ni zuri. Lakini kilo 13 kumlisha wa kilo 30 inabana. Msishangae mkiambiwa tusubiri mdogo aongezeke kilo kwanza, hawawazungushi.

Na la mwisho, huyo wa kwako akitoa mimi sitachuja chochote cha maana. Napitisha kwenye vichujio vitoe mafuta na vipande vya mfupa, na kama makundi ya damu yanapishana napunguza chembe nyekundu au plazma, basi, unaenda mzima mzima.

Mzee_wa_Hoja

Subiri subiri. Umesema mle ndani kuna sumu na kazi yako ni kuitoa, sasa binti wa huyu mama anapewa na sumu yake? Hapo umeniacha kituoni mkuu.

FundiMifuko

Haha mzee umenikamata pazuri. Sumu niliyosema ni seli T za mchangiaji. Hizo ndo askari wa kinga, sasa askari wa nyumba ya watu akiamkia ndani ya mwili wa mtoto anaona kila kitu ni adui, anashambulia ngozi, utumbo, ini. Ndo GVHD hiyo, na inaua. Lakini askari haohao ndo wanaowazuia askari waliobaki wa mgonjwa wasiukatae uloto mgeni, ndo wanaopambana na virusi, na kwa mwenye leukemia ndo wanaosaka seli za saratani zilizojificha. Kwa hiyo ni sumu na ni ulinzi, inategemea ni kiasi gani na za nani.

Ndugu akilingana kamili, askari wake hawagombani sana, unawapoza kwa dawa kama siklosporini na methotrekseti, unavuna faida. Na selimundu hasa inapenda kukataa uloto, huwezi kuwanyang'anya askari kirahisi.

Kasheshe ni pale ndugu hakuna, na mtoto anaumwa, na aliyepo ni baba au mama. Mzazi kwa kawaida analingana nusu tu, maana nusu ndo aliyompa. Uzuri wake mzazi yupo, hatafutwi kwenye rejista, na ni mkubwa, mtoto ni mdogo, kwa hiyo seli zinatosha na kubaki. Ubaya wake ukimwaga mfuko ulivyo GVHD itammaliza. Hapo ndo utengaji wa kweli unapoanza.

NesiWaZamu

Nimeuona uzi huu nikasema lazima niseme. Fundi unaandika vizuri ila nyie wa maabara mnatoka na cheti chenu asilimia tisini na ngapi safi mnapongezana mnaenda kulala. Sisi tunabaki na mtoto miezi hana seli T, leo kirusi cha CMV, kesho adenovairasi, keshokutwa kuharisha kusikoisha. Nimewauguza wale waliopewa seli za CD34 tupu, ngozi yao safi hakuna GVHD kabisa, na bado nimewapoteza kwa virusi. Usisahau kuwaambia watu na hilo.

FundiMifuko

Dada Nesi nakubali, na ndo nilikuwa naelekea huko, ngoja nianze mbali kidogo.

Kabla ya sumaku watu walitumia soya, siyo utani. Miaka ya mwanzo ya 1980 Yair Reisner na wenzake walitumia lektini ya soya, ni protini inayogandisha seli zilizokomaa zikatuama chini, zile changa zinabaki juu, halafu seli T zilizobaki wanazinasa kwa chembe nyekundu za kondoo maana zinanatana. Kwa njia hiyo watoto waliozaliwa bila kinga kabisa, wale wa SCID, wakaanza kupewa uloto wa mzazi.

Enzi hizohizo kuna yule mtoto wa Texas, David Vetter, aliyezaliwa 1971 akaishi maisha yake yote ndani ya chumba cha plastiki. Oktoba 1983 akapewa uloto wa dada yake ambao haukulingana kamili, ukasafishwa kwa antibodi kutoa seli T. GVHD aliyoogopewa haikumuua. Kilichomuua ni kirusi cha EBV kilichokuwa kimelala ndani ya uloto wa dada yake, kikapanda gari moja na seli shina, kikafika kwenye mwili usio na askari hata mmoja, kikageuza seli B kuwa saratani. Alifariki Februari 1984 ana miaka 12. Kwangu mimi hiyo ndo somo zima la kazi hii, ulichotoa na ulichoacha vyote vina bei yake.

Nikitoka zamu nawaeleza siku ya kuchuja inavyokwenda.

Kipepeo77

nafuatilia, msiufunge huu uzi

FundiMifuko

Haya nimetoka.

Tuseme mtoto ana kilo 10, anatoa mama. Mama anachomwa G-CSF, dawa ya kusukuma seli shina zitoke kwenye uloto, siku 4 au 5, maikrogramu 10 kwa kila kilo yake kwa siku, mifupa inamuuma kama mtu mwenye mafua makali, ni kawaida, uloto unafurika. Seli shina zinakaa mle ndani kwa sababu zimefungwa, upande mmoja kuna kishikizo kinaitwa CXCR4 juu ya seli, upande wa pili uloto unatoa CXCL12, zinashikana. G-CSF inalegeza huo mfungo taratibu. Kama haitoshi kuna pleriksafo, hiyo inaziba CXCR4 moja kwa moja, ukichomwa leo usiku kesho asubuhi seli ziko barabarani.

Mama anakaa kwenye mashine masaa 4 au 5, damu inatoka mkono huu, inazungushwa, tabaka la chembe nyeupe linanyonywa, nyingine inarudi mkono wa pili. Midomo inaweza kufa ganzi kwa sababu dawa ya kuzuia kuganda inashika kalsiamu, mnamwongezea kalsiamu, anaendelea.

Mfuko unafika kwangu una seli bilioni 40, 50, 60 hivi, zaidi ya bilioni kumi zake zinaweza kuwa seli T. Ninachotakiwa kumpa mtoto kwa uloto wa nusu kulingana ni CD34 milioni 10 kwa kilo, kwa hiyo milioni 100, na seli T zisizidi elfu kumi kadhaa kwa kilo. Hebu piga hesabu, kutoka bilioni kumi mpaka laki kadhaa. Hicho kiwango kikubwa cha CD34 Wajerumani wa Tübingen na wenzao ndo walikisukuma sana kwa watoto, waligundua uking'oa seli T uloto unakataliwa kirahisi, dawa yake ni kumwaga seli shina nyingi kupita kiasi mpaka mwili ushindwe kuzikataa. Na mtoto kwa udogo wake ndo mtu pekee unayeweza kummwagia kiasi hicho kwa raha.

Kwanza nahesabu. Tone linaingia kwenye flosaitometa (mashine ya kuhesabu seli kwa mwanga), tunahesabu CD34 kwa utaratibu uliowekwa 1996 ambao maabara nyingi bado zinaufuata, na rangi ya kuonyesha zilizokufa. Hapo usipokuwa makini kila kitu mbele ni uongo. Halafu naosha kutoa pleitileti (chembe za kugandisha damu) maana zikibaki zinagandisha. Halafu namimina antibodi ya CD34 iliyobebeshwa vipunje vya chuma, nusu saa inazunguka taratibu, naosha tena. Ndo inaingia kwenye mashine, kuna kolamu ndogo katikati ya sumaku kali, seli zinapita, zilizobeba chuma zinanasa, nyingine zote zinaenda mfuko wa taka. Mwisho sumaku inaachia, zilizonaswa zinadondoka. Mfuko uliokuja umejaa, mwekundu mzito, unabaki na maji chini ya mililita 100, karibu hayana rangi. Wageni wakija maabara hawaamini kwamba hicho ndo kitu chenyewe.

Hata siku nzuri robo mpaka theluthi ya CD34 zangu zinapotelea njiani.

Na kuna siku mbaya. Mfuko mmoja ulikaa barabarani usiku kucha na joto likapanda, ulivyofika granulosaiti (aina ya chembe nyeupe) zimekufa kibao zimemwaga DNA, na DNA ikimwagika inanata kama makamasi. Kolamu ikaziba. Nikaambulia chini ya nusu ya nilichotakiwa. Sasa shida haikuwa seli, shida ni kwamba mtoto alikuwa ameshamaliza kemo, uloto wake umeshauliwa, hakuna kurudi nyuma, lazima apate kitu. Aliyezembea njiani simtaji, haisaidii. Daktari alimpigia baba yake, ndo aliyetoa, usiku ule, akarudi kwenye mashine asubuhi, hakuuliza hata swali moja, akanyoosha mkono tu. Tukachuja tena jioni, tukafikisha. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka mpaka msaidizi wangu akanishikia mfuko.

Kipepeo77

Daah. Swali la kijinga, hivyo vyuma vinabaki kwenye seli? Mtoto akipita karibu na sumaku je 😅

FundiMifuko

Sio la kijinga, wazazi wote wanauliza. Vinabaki ndiyo, havitolewi. Ila kipunje kimoja ni kama nanomita 50, ni oksidi ya chuma imefunikwa na sukari ya dekstrani, mwili unaivunja na kuitumia kama chuma kingine. Hatanasa kwenye mlango wa friji.

dogo_baiolojia

kaka sasa suluhisho la alichosema dada nesi ni lipi? kama CD34 tupu inaleta virusi na mfuko mzima unaleta GVHD si tumekwama

FundiMifuko

Hatujakwama, swali ndo limegeuzwa. Badala ya kuuliza "nichukue nini" watu wakaanza kuuliza "nitoe nini peke yake". Seli T siyo kabila moja. Nyingi zina kipokezi cha alfa-beta, hizo ndo wachokozi wa GVHD. Kuna kundi dogo lenye gama-delta, hizo hazigombani na mwenyeji kwa namna ile, na zinapiga virusi na leukemia. Na kuna seli NK, nazo hivyohivyo. Ukichuja CD34 tupu umewafukuza wote, mwizi na mlinzi.

Sasa kwa njia mpya mashine ni ileile, sumaku ileile, ila vyuma unawavalisha unaowataka watoke. Unaweka antibodi ya alfa-beta na ya CD19, hao wananasa kwenye kolamu wanabaki, na kila kilichopita ndo anapewa mtoto, seli shina, gama-delta, NK, vyote. CD19 ni seli B. Kwa nini tunazitoa? Mkumbuke David, EBV inalala kwenye seli B. Franco Locatelli na wenzake wa hospitali ya watoto ya Bambino Gesù kule Roma ndo waliofanya kazi kubwa hapa, wakatoa matokeo ya watoto wenye magonjwa yasiyo saratani 2014, halafu wa leukemia 2017, na wengi sasa wanafuata njia hiyo kwa uloto wa mzazi.

Mfuko unaotoka hapo kwa macho yangu ya zamani ni mchafu, CD34 ni asilimia chache tu. Mwanzo ilinisumbua kusaini karatasi yake, mtu umezoea kuandika 95.

NesiWaZamu

Na wodini tunaona tofauti, nyutrofili zinakuja mapema na virusi vinapungua ingawa havijaisha. Siku hizi pia kuna wale wasiochuja kabisa, mzazi anatoa, mfuko unaingia mzima, halafu siku ya 3 na ya 4 mtoto anapewa saiklofosfamaidi.

FundiMifuko

Haswa dada, hiyo ilitoka Johns Hopkins na ina akili sana. Seli T zenye hasira ndo zinazogawanyika haraka siku zile za mwanzo, dawa inapiga zinazogawanyika, seli shina zenyewe zimetulia na zina kimeng'enya cha kujilinda na dawa hiyo. Yaani uchujaji unafanyika ndani ya mwili wa mtoto bila sumaku wala mimi. Pasipo na mashine, hii ndo mkombozi. Nakubali japo inanipunguzia kazi. Mtoto wa SCID mchanga mwenye maambukizi ambaye hutaki kumpiga kemo nzito, hapo bado nitatetea sumaku.

Mzee_wa_Hoja

Na damu ya kitovu? Kuna jamaa wanawaambia wazazi wahifadhi ya mtoto wao mwenyewe kwa matumizi ya baadaye

FundiMifuko

Damu ya kitovu ni ya kweli. 1988 Paris, Eliane Gluckman alimpa mtoto mwenye anemia ya Fanconi (ugonjwa wa kurithi unaoua uloto) damu ya kitovu cha dada yake aliyekuwa ametoka kuzaliwa, ilihifadhiwa Marekani ikabebwa imeganda. Seli T zake ni changa hazina ugomvi mwingi hivyo hata kulingana siyo lazima kuwe kamili. Ila mfuko ni mdogo, kwa mtoto mdogo unatosha, kwa mkubwa unapwaya, na unachelewa kushika. Kutunza yako mwenyewe kwa ajili ya leukemia yako mwenyewe hapana mzee, mara nyingi kasoro iliyoleta leukemia ilishakuwemo kwenye hiyo damu tangu kuzaliwa. Kuhifadhi kwa ajili ya ndugu anayeumwa tayari hilo ni jambo jingine, hilo lina maana.

MamaWatatu

Kaka na hii ya kurekebisha seli zake mwenyewe? Nimesikia ya selimundu

FundiMifuko

Ipo mama, ile ya kukata kinasaba ilipitishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo, kuanzia miaka 12. Hapo hakuna mgeni, seli ni zake, kwa hiyo GVHD haipo. Ila utengaji unakuwa mgumu kweli. Mgonjwa wa selimundu hachomwi G-CSF, chembe nyeupe zikipanda zinaweza kumletea maumivu makali hata kifo, kwa hiyo ni pleriksafo peke yake, na zinahitajika CD34 nyingi mno maana nyingine zinapotea wakati wa kurekebishwa, wengi wanarudi kwenye mashine zaidi ya mara moja, miezi tofauti. Halafu kemo iko palepale. Kwa aliyepata ndugu anayelingana kama wewe, ndugu bado ndo chaguo la kwanza kwa wengi.

NesiWaZamu

Mama siku ikifika usishtuke na harufu. Kama seli ziligandishwa zimewekwa DMSO ili zisipasuke kwenye baridi la nyuzi 196 chini ya sifuri, na mwili unaitoa kwa pumzi, chumba kizima kinanukia kama kitunguu saumu siku moja mbili. Wa kwako ukitolewa siku hiyohiyo haitakuwepo. Halafu baada ya hapo ni kusubiri, wiki 2 mpaka 4, tunapima kila asubuhi. Nyutrofili zikivuka 500 siku 3 mfululizo ndo tunasema umeshika.

MamaWatatu

Asanteni sana wote wawili. Swali langu la mwisho halafu niwaache. Huo mfuko wa taka uliosema Fundi, zile seli za mzazi zilizokataliwa, mnazipeleka wapi? Nimewaza tu.

FundiMifuko

Hujawaza vibaya. Tukiombwa tunagandisha sehemu ya seli T kwa vipimo vidogo vidogo, mtoto akija kupata kirusi au uloto ukaanza kulegea anapewa kidogo, baadaye akiwa ameshatulia. Naandika jina, tarehe na kiasi, zinakaa kwenye tangi la naitrojeni pembeni ya wenzake. Zinazobaki zinachomwa na taka nyingine za hospitali. Kesho nina mfuko wa saa 2 asubuhi, mkiniona kimya mjue niko nao.